"Kompyuta ndiyo imempanga": historia fupi ya kupangiwa shule

1/ Kila matokeo yakitoka, hapa Kisumu unasikia jibu lilelile: "Kompyuta ndiyo imempanga." Wadau, turudi nyuma kidogo, kwa sababu mjadala huu ni mzee kuliko kompyuta.

2/ Mwaka 1985, 8-4-4 ilipoanza, serikali ilileta pia mgao: 85% ya nafasi za shule za sekondari ziende kwa watoto wa eneo husika. Watu walilalamika kwamba inafungia watoto kwao. Lakini hiyo 85 ilijulikana. Hata mama anayeuza omena Kibuye angeweza kuibishia.

3/ Enzi hizo walimu wakuu walikutana na orodha mkononi. Shule za kitaifa zilichagua kwanza, kisha mikoa, kisha wilaya. Maneno ya "nani anamjua nani" hayakuisha. Ndio maana wengi waliipokea kompyuta vizuri: haina mjomba wala shangazi.

4/ Sasa angalia 2011. Kanuni ilibadilishwa, nafasi za shule za kitaifa zikagawanywa kwa uwiano wa watahiniwa wa shule za umma na za kibinafsi. Alama zilezile, majina tofauti. Mashine hufuata tu kanuni, na kanuni huandikwa na watu.

5/ Desemba 2025, kundi la kwanza la CBE, zaidi ya watoto milioni 1.1, lilipangiwa Gredi ya 10. Kila mmoja alikuwa amechagua shule 12. Vigezo vilitajwa: chaguo, alama, nafasi, usawa. Sawa, lakini kipi kina uzito gani? Tuseme mtoto wa kisiwa cha Mfangano apangiwe shule ya kutwa Kisumu mjini. Atalala wapi? Ataomba kubadilishiwa, ndiyo. Ila kubadilishiwa si kuelezwa.

6/ Na sheria ipo. Katiba ya 2010: Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari, cha 47 haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa kiutawala ukikuumiza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa pia maamuzi ya mashine peke yake: ina mipaka yake, lakini unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

7/ Kwa hivyo kwenye mkutano, mmoja akisema mfumo ni wa haki na mwingine aseme umeibwa, waulize wote wawili: uzito wa kila kigezo ni upi, nani aliupanga, na mzazi wa Seme au Nyakach atausoma wapi?