Wavuvi wa Amri

Ukame wa mwaka 1974 na 1975, ambao Wasomali waliuita Dabadheer, ulimaliza mifugo ya nyika za kaskazini na kati mwa Somalia. Serikali ya Rais Siad Barre ikawahamisha wafugaji zaidi ya laki moja, wengi kwa ndege za Kisovieti. Sehemu kubwa walipelekwa mashambani kusini. Maelfu kadhaa walishushwa pwani, Barawa, Adale, El Ahmed na Eyl, wafundishwe kuvua. Fikra yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 3,000 ilikuwa na wavuvi wachache mno, na vijana wasio na mifugo walihitaji kazi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba baharia hupatikana kwa kugawiwa boti, nyavu na posho.

Kusini ya Barawa, toka Kismayu hadi Ras Kamboni, watu wa kuwafundisha walikuwapo. Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula walirithishana bahari kwa utaratibu uliojulikana. Mtoto alianza kwa kufua maji chomboni, akapanda kushika kamba, kisha usukani, na unahodha ulimjia baada ya kuonekana na wenzake kwa misimu ya kaskazi na kusi. Kipato chake kilikuwa fungu la samaki waliovuliwa, kwa hiyo uzembe wake uliwaumiza wote chomboni, nao hawakumficha. Kumkamata kasa kwa chazo kulidai subira ya namna hiyohiyo: samaki huyo wa kujibandika hufungwa kamba mkiani, huachiwa amwendee kasa, kisha wote wawili huvutwa taratibu, kwani ukivuta kwa pupa chazo huachia. Kadhalika uundaji wa mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi, uliodumu pwani ya Wabajuni mpaka mwanzo wa karne ya 20. Mshono haukufundishwa kwa maneno. Wala elimu hii haikuwa siri. Mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli aliichunguza na kuchapisha kitabu kizima juu ya wavuvi hao mwaka 1955. Kilitoka Roma, naam, lakini kilitoka miaka 20 kabla ya ndege zile kuruka.

Atasema mtu: Wabajuni walikuwa wachache, wasingeweza kufundisha maelfu. Ni kweli, ila hoja hiyo inataka wanafunzi wapunguzwe na muda uongezwe; haihalalishi kumweka mwalimu kando. Mwingine atasema uanagenzi wa ukoo hubagua wageni na haujui dizeli. Hapa kuna uzito zaidi. Mfumo wa kurithishana kweli huwafungia nje wasio na jamaa chomboni, na injini ilihitaji mafundi ambao visiwa havikuwa nao. Lakini fundi wa injini hafundishi mkondo wala mwamba, na boti za mradi zilipokosa vipuri zilikaa ufukweni. Mwaka 1977 Wasovieti walifukuzwa nchini, wakaondoka na sehemu ya utaalamu uliotegemewa. Tanga na kasia havikuhitaji kibali cha Moscow.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: huenda hakuna mafunzo yoyote ambayo yangewabakiza. Mfugaji alimdharau mla samaki, soko la ndani lilikuwa dogo, na Ghuba ya mafuta ililipa vizuri zaidi. Wanaume wengi waliacha familia kambini wakarudi kwenye ngamia au wakavuka kwenda Arabuni. Nakubali kwamba ujira uliwatoa wengi. Hata hivyo waliobaki walikuwa na haki ya kufundishwa na mtu anayeishi kwa kazi hiyo, na kazi isiyo na heshima wala fungu la haki haijazwi kwa mafunzo peke yake.

Serikali ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, baadhi wakahifadhiwa Jomvu, Mombasa. Wengine wakafika Uingereza. Anayepanga leo kuwaandalia vijana wa Kismayu kazi za baharini na awatafute kwanza manahodha hao na wanafunzi wao, awalipe kama walimu, kabla hajaagiza boti hata moja.