Mlima Elgon na Mpaka Wake

Katika milima mikubwa ya Afrika Mashariki, Elgon huhesabiwa kuwa mzee wao. Wenyeji wa upande wa Uganda huuita Masaba. Mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haijasimama, mlima huu ulikuwa ukitapika moto na majivu. Kisha ukazimika kabisa. Kilele chake kilididimia, kikaacha bonde la duara lenye upana wa kilomita 8 hivi, na ukingoni mwake chasimama kilele cha Wagagai, chenye kimo cha mita 4,321.

Mskoti Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, aliona watu wakikaa na ng'ombe zao ndani ya mapango ya mlima. Siku hizo mpaka haukuwako. Hata Waingereza walipoanza kutawala, waliuhesabu mlima wote kuwa wa Uganda. Lakini mwaka 1902 waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Basi mlima ukagawanyika. Leo mpaka hupanda kwa mto Lwakhakha, huvuka juu ya mlima, hushuka kwa mto Suam.

Mpaka huo uliwatenga ndugu. Wagisu wako Uganda, Wabukusu wako Kenya, nao lugha zao na desturi zao za jando zakaribiana sana. Vivyo hivyo Wasabiny wa Uganda na Wasabaot wa Kenya.

Lakini maji hayajui mpaka. Suam huenda ziwa Turkana, Nzoia huenda ziwa Viktoria, na maji ya Manafwa hufika Kyoga. Udongo uliozaliwa na moto ule huotesha kahawa na mahindi pande zote mbili. Tena udongo huo huo waweza kuua. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko wa Bududa, Uganda, uliporomoka ukakifukia kijiji cha Nametsi, wakafa watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo twaona ya kuwa miti ya mlima huu haiwezi kulindwa na nchi moja peke yake. Wahenga walisema milima haikutani, wanadamu hukutana. Elgon ni mlima mmoja. Wanaopaswa kukutana ni watu wake.