Kutoka Korido ya London hadi Venice: Miaka 40 ya Lubaina Himid na Sanaa Inayolipima Jicho

Mwaka 2025 Taasisi ya Sanaa za Kisasa ya London, ijulikanayo kwa kifupi kama ICA, iliadhimisha miaka 40 ya maonyesho ya The Thin Black Line, na maadhimisho hayo yakalirejesha jina la mwandaaji wake, Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, katika mjadala wa sanaa ya usimikaji. Hiyo ni sanaa ambayo haitundikwi ukutani tu, bali hupangwa katika nafasi nzima ili mtazamaji aingie ndani yake na, kadiri anavyosogea, agundue alichokosa kukiona mwanzoni. Kwa wakazi wa Mpepai, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma historia hiyo haipaswi kuonekana ya ugenini, kwa sababu kazi kuu ya msanii huyo inahusu watu waliotekwa na kuuzwa, na moja ya njia za biashara ya watumwa ilipita katika ukanda wao.

Himid alizaliwa mwaka 1954, na baba yake alipofariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, mama yake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, alimpeleka Uingereza. Wakati wasanii kama Yayoi Kusama, ambaye mwaka 1965 alijenga jijini New York chumba cha vioo kilichoonekana kutokuwa na mwisho, walilihadaa jicho kwa mwanga na taswira zinazojirudia, Himid alipitia mlango wa tamthilia, kwani alisomea usanifu wa majukwaa katika chuo cha Wimbledon, fani ambayo ndani yake ubao uliopakwa rangi huwa kasri maadamu hadhira imekaa mbele yake.

Mgogoro uliomjenga ulitokea mwaka 1985. Alikuwa amekwisha kuandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi jijini London, lakini ICA ilipoyapokea maonyesho yake mapya, kazi za wanawake 11 wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia hazikuwekwa katika kumbi kuu, bali katika korido, yaani njia nyembamba ya kupita watu. Jina la maonyesho, ambalo maana yake ni mstari mwembamba mweusi, liliielekeza lawama kwenye ufinyu huo wa nafasi, hivyo korido yenyewe ikageuka sehemu ya hoja: aliyepita alitambua kwamba katika taasisi za sanaa mtu anaweza kuwapo na bado asionekane. Baadhi ya wahakiki waliwapokea kwa ukali, lakini wakati umewahukumu wahakiki hao, kwani miongoni mwa wanawake wale Sonia Boyce alitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya Venice mwaka 2022, na Veronica Ryan akapata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka huohuo.

Funzo la korido lilizaa matunda mwaka 2004 katika kazi iitwayo Naming the Money, ambayo ina watu 100 wa mbao bapa, wenye kimo cha binadamu, waliopakwa rangi kali na kugawanywa katika fani kumi, wakiwamo wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba na wachora ramani. Mtazamaji akiwa mbele yao huona umati wa watu walio hai. Akisogea ubavuni, umati hupungua na kuwa kingo nyembamba za mbao. Akizunguka nyuma, hukuta maandishi yanayotaja jina la kuzaliwa la kila mmoja, jina alilopachikwa na bwana wake, kazi aliyoifanya alipokuwa huru na kazi aliyolazimishwa kuifanya, huku sauti zikisikika ukumbini. Hadaa ya macho hapo ina kazi ya kimaadili, kwa kuwa humlazimisha mtu akiri kwamba alichokiona kama pambo ni mtu aliyenyang'anywa jina.

Wakazi wa mwambao wa Nyasa wanaujua ukweli wa namna hiyo, kwani makundi ya wadudu wadogo waitwao kungu yanapopaa juu ya ziwa huonekana kwa mbali kama moshi, hadi mtu anapoyakaribia. Wanayo pia historia ya walionyang'anywa majina: katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka ukanda huo kuelekea Kilwa, na mmisionari David Livingstone aliandika kwamba konseli wa Uingereza Zanzibar, Rigby, alimweleza kuwa watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walipita kila mwaka katika forodha ya kisiwa hicho. Idadi hiyo imehifadhiwa, lakini majina ya walio wengi hayakuhifadhiwa.

Baadaye Himid alipata Tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza huko Venice mwaka 2026.

Fahari hiyo haitoshi ikiwa itabaki ya Ulaya. Makumbusho ya Majimaji ya Songea huwaenzi mashujaa waliopigana na Wajerumani, na waliopita njia ya Kilwa wakiwa wamefungwa wanastahili kukumbukwa kwa uzito uleule. Mbao, rangi na mafundi wa kuzikata vinapatikana Mbinga, kwa hiyo kinachohitajika ni shule, halmashauri na wasanii wa Ruvuma kuamua kwamba kuwarudishia wahenga hao sura na majina ni jukumu lao, wala si hisani ya kusubiriwa kutoka London.