Kabla ya Skrini Kuwaka

Sisi wengi tunaotumia kompyuta hudhani kwamba mashine huanza kazi pale picha ya kwanza inapotokea kwenye skrini. Kumbe wakati huo sehemu ngumu imekwisha pita. Umeme unapoingia, prosesa haijui lolote: haijui kama kuna kibodi, haijui kama kuna diski, haijui hata kumbukumbu yake ina ukubwa gani. Ilichofundishwa na walioitengeneza ni jambo moja tu, nalo ni kwenda kusoma amri ya kwanza mahali pamoja pasipobadilika. Katika prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, mahali hapo ni baiti 16 kabla ya kumalizika kwa megabaiti ya kwanza. Ikikuta amri ya maana itaifuata, na amri hiyo itaipeleka kwa nyingine, mpaka mashine yote iamke. Ikikuta upuuzi, itaufuata upuuzi huo huo, na wewe uliyekaa mbele ya skrini utaona giza.

Historia ya amri hizo za mwanzo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu niliwahi kuona jinsi kukosekana kwake kulivyokaribia kuivunja heshima ya mama mmoja mwadilifu.

Hapo kale, na kale ya kompyuta si mbali, mwenye mashine ndiye aliyeiamsha kwa mkono wake. Altair 8800, iliyojitokeza Marekani mwanzoni mwa 1975, haikuja na kibodi wala skrini. Ilikuwa na safu ya swichi upande wa mbele, na kila ulipoiwasha ulipaswa kuzipandisha na kuzishusha kwa mpangilio, baiti baada ya baiti, mpaka umeingiza programu fupi ya kuanzia. Ukikosea swichi moja, unarudia. Umeme ukikatika, unarudia vile vile, kwa maana hakuna kilichobaki ndani. Ilikuwa adha kubwa. Hata hivyo mashine ya namna hiyo haikuweza kufa kwa kusahau: kila siku ilisahau yote, na kila siku mwenyewe aliikumbusha.

Jina la BIOS tunalipata kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyetunga mfumo wa CP/M katikati ya miaka ya 1970. Yeye aliigawa kazi. Sehemu kubwa ya mfumo wake haikujali mashine imetengenezwa na nani. Sehemu ndogo ndiyo iliyozungumza na vyombo vyenyewe, na hiyo ndogo akaiita BIOS, yaani mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa. Kiwanda kilichotaka kutumia CP/M kilibadilisha sehemu hiyo ndogo tu. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, jina lilihamia kwenye programu iliyokaa ndani ya chipu ya ROM kwenye ubao mkuu. Ukubwa wake ulikuwa kilobaiti 8. Insha hii unayoisoma, ndugu msomaji, inazidi hapo.

IBM ilichapa orodha nzima ya amri hizo katika kitabu chake cha ufundi, hivyo kila mtu aliweza kuzisoma na hakuna aliyeruhusiwa kuzinakili. Compaq, iliyotangaza mashine yake Novemba 1982, ilipita njia ya pembeni. Kundi moja la wahandisi lilieleza kwa maandishi chipu ya IBM inafanya nini. Kundi jingine, la watu ambao hawakuwahi kuiona orodha ile, likaandika BIOS mpya kutokana na maelezo hayo. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kumwuzia yeyote aliyetaka BIOS iliyotungwa kwa njia kama hiyo, na muda si muda dunia ikajaa mashine zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Sisi Tanzania vita hivyo vya mabepari vilitupita kando, kwani serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974. Tulikuja kukutana na matunda yake baadaye, aghalabu yakiwa yametumika na wengine.

Sasa nifike kwenye kiini. Chipu ya ROM ya kawaida huandikwa kiwandani na haifutiki. Ina kosa? Utaishi nalo, au utanunua nyingine. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alivumbua chipu iliyoweza kufutwa, EPROM, yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ulipotaka kuifuta uliing'oa, ukaiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, kisha ukaiandika upya kwa chombo maalumu. Mafundi walibandika karatasi juu ya kidirisha hicho ili mwanga usije ukafuta kidogo kidogo. Kisha Fujio Masuoka wa Toshiba, kule Japani, akaja na chipu inayofutwa kwa umeme, eneo zima kwa mkupuo mmoja, na mwaka 1984 akaieleza mbele ya wahandisi mjini San Francisco. Mwenzake mmoja alisema kufutika kwake kunamkumbusha mmweko wa kamera, ndipo ikaitwa flashi. Intel ilianza kuuza za kwake 1988, na katika miaka ya 1990 chipu hizo zikaingia kwenye bao za kompyuta za kawaida.

Tangu hapo BIOS iliweza kubadilishwa bila bisibisi. Lakini chunguza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Flashi haikubali kusahihishwa herufi moja hapa na moja pale. Lazima kwanza ufute eneo zima, ndipo uandike. Kwa hiyo kuna muda, pengine sekunde chache, pengine nusu dakika, ambao mashine inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa huku haina tena maarifa ya kuamka. Yale ya zamani yamefutwa, mapya hayajaandikwa. Inaishi kwa kile kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme.

Mwaka 2006, wakati wa ukame na mgao mkali wa umeme, nilikuwa mjumbe wa kamati ya chama kidogo cha kuweka na kukopa cha walimu wastaafu. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya mwaka 1998, tuliyopewa ikiwa imetumika. Ndani yake zilikuwamo hesabu zetu za miaka 5, zilizoingizwa na mhazini wetu, mama aliyefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka 30. Diski ilipoanza kugonga, kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia alinunua nyingine ya gigabaiti 40. Mashine ikaganda pale pale ilipoiona. Kijana alikuwa sahihi kuhusu sababu: baadhi ya BIOS za Award za kabla ya katikati ya 1999 hazikuweza kuhesabu diski inayozidi gigabaiti 32, na badala ya kukataa ziliganda. Dawa yake ni toleo jipya la BIOS. Akalileta kwenye disketi, akaanza kuandika saa nane mchana, siku ambayo ratiba ilisema upande wetu una umeme hadi jioni. Umeme haukufuata ratiba. Uliporudi, feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Waingereza husema mashine ya namna hiyo imegeuka tofali. Kwetu tunasema haiwaki, au imekufa, na hili la pili ndilo tulilojibiwa kwenye duka la kwanza: imekufa, nunueni nyingine, na hesabu zenu ndiyo basi. Neno hilo lilifanya madhara makubwa kuliko umeme. Ulikuwa mwezi wa kugawana faida. Wanachama walianza kunong'ona: mbona zipotee sasa hivi? Mbona yule kijana ni jamaa yake mhazini? Stakabadhi za karatasi zilikuwapo, ila riba na mizania ya mikopo ilikuwa ndani ya mashine. Mama wa watu alikuja kikaoni, akasikiliza, hakujibu kitu.

Mimi na katibu tukaibeba mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja tuliyeelekezwa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Tumeambiwa imekufa."

"Mashine haifi yote, mzee. Hufa kitu. Tukitafute."

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza kwa urahisi wake. Alifungua boksi, akaitoa diski ya zamani, akaiunganisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Baada ya dakika chache tulikuwa tunasoma daftari letu, mwanachama mmoja mmoja. Katibu alikuta hata deni lake la Februari. Maana BIOS hukaa kwenye chipu na hesabu hukaa kwenye diski. Kimoja kikiharibika, cha pili hakina habari. Aliyetuuzia neno "ndiyo basi" ama hakulijua hilo ama alikuwa na mashine ya kuuza. Nilimpigia simu mhazini pale pale dukani. Nikamwambia, "Mama, hesabu zako zipo."

"Najua zipo," akasema. "Niliziingiza mimi."

Ndipo fundi akaugeukia ubao. Alichomoa kila kisichohitajika. Akapima umeme unaotoka kwenye pawa, akakuta uko sawa. Akang'oa kumbukumbu ya muda, akawasha. Ubao ulio hai hulalamika kwa milio ukinyimwa kumbukumbu, huu ulinyamaza. Akatueleza kwamba anayepiga milio ile ni BIOS yenyewe, kwa hiyo ukimya huo ni ushahidi. Akarudisha kumbukumbu, akapachika kadi ya picha ya mtindo wa zamani, na disketi yenye programu ya kuandikia. BIOS nyingi za Award zina sehemu ndogo ya mwanzo ambayo kwa kawaida haiguswi wakati wa kuandika. Inajua kusoma disketi na kadi hizo za zamani tu, basi, ili ikitokea ajali uweze kuanza upya. Tukaikodolea macho taa ya disketi. Haikuwaka. Kijana wetu alikuwa amechagua kuandika yote, hata sehemu hiyo.

Kilichofuata sitakisahau. Katika rundo la bao zilizotoka kwenye kompyuta zilizotumika za ng'ambo, fundi alitafuta mpaka akapata mmoja unaoshabihiana na wetu. Alikataa kuanza mpaka alipounganisha kifaa cha betri, maana, alisema, kosa lile lile halifanywi mara mbili kwa kitu kimoja. Akapitisha uzi chini ya chipu ya ubao huo mzima, chipu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akawasha mashine kwa disketi. Mashine ikishaamka, BIOS yake huwa imenakiliwa kwenye kumbukumbu ya muda. Basi huku inafanya kazi, huku umeme unapita, akavuta uzi taratibu akaing'oa chipu nzima, na mahali pake akabonyeza ile yetu iliyo tupu. Mashine haikutikisika. Kisha akaiamuru iandike toleo jipya kwenye chipu iliyokuwa ndani, nayo ikatii, ikidhani ni ya kwake. Haikuchukua hata dakika moja. Akazima, akarudisha kila chipu kwao, akawasha ubao wetu. Ukalia mlio mmoja mfupi.

Nilimwuliza alijifunzia wapi mchezo wa hatari namna hiyo. Akajibu kwa neno moja: "Chernobyl."

Hakuwa na maana ya ajali ya nyuklia ya 26 Aprili 1986. Ni virusi vilivyotungwa mwaka 1998 na Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, vikaitwa CIH kutokana na jina lake, na Chernobyl kwa sababu vililipuka tarehe hiyo hiyo. Tarehe 26 Aprili 1999 viliamka kwenye mashine za Windows 95 na 98, vikafuta megabaiti ya kwanza ya diski, kisha, pale chipu za ubao ziliporuhusu, vikaandika takataka juu ya BIOS. Mlango ule ule uliowekwa kwa ajili ya matengenezo ndio vilioupita. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Fundi wetu, wakati huo akiwa mwanagenzi, alisema waliletewa bao kwa mafungu, wakajaribu njia ya kubadilisha chipu mashine ikiwa hai, wakaunguza mbili tatu, kisha wakaizoea.

Njia hiyo leo karibu imetoweka. Soketi zimeondolewa kwenye bao nyingi. Chipu ya sasa ina miguu 8 na imeunganishwa kwa risasi. Fundi hubana miguu hiyo kwa kibanio chenye nyaya, akaiandika moja kwa moja kutoka kompyuta nyingine, bila kuiondoa. BIOS yenyewe imeachia nafasi yake kwa UEFI, inayosimamiwa tangu 2005 na umoja wa makampuni mengi, na chipu ya megabaiti 16 ni jambo la kawaida: mara 2,000 ya ile ya IBM. Baadhi ya bao zina nakala ya pili ya akiba, nyingine zina kitufe cha kuandikia hata bila prosesa. Hayo ni maendeleo ya kweli, na nayasifu.

Lakini toleo jipya nalo siku hizi mara nyingi huja lenyewe kupitia intaneti, likimwomba mtumiaji asizime tu. Kompyuta ya mkononi kwa kawaida huangalia kwanza betri yake, na ikikuta haina chaji ya kutosha hukataa kuanza. Ile ya mezani haina cha kuangalia.