Wimbo wa "Malaika": Nani Mtunzi, Nani Mwimbaji, Nani Anayesema?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, huenda hakuna wimbo wa Kiswahili unaoujua bila kufundishwa kama "Malaika". Umeusikia redioni na harusini. Ikiwa unaishi huku Nanyuki, au Nyeri, au mji wowote ulio karibu na Mlima Kenya, umewasikia pia wanamuziki wa hoteli wakiwaimbia watalii, nao watalii wakiitikia neno la kwanza na kunyamaza katika mengine yote. Kwa sababu tumeuzoea, ni rahisi kudhani kwamba tunauelewa. Mazoea yana taabu.

Lengo la makala haya ni kukupitisha katika historia ya wimbo huu na waimbaji waliourudia, kisha kukuuliza swali moja ambalo kila msomaji wa fasihi hana budi kulijibu: ni nani hasa anayesema ndani yake, na analalamikia nini?

Chimbuko na mzozo wa utunzi

Jina linalofungamana zaidi na "Malaika" ni la Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Taita mwaka 1938. Jina lake la mwisho latangaza asili yake, kwani Wadawida ndilo jina ambalo Wataita hujiita. Fadhili aliurekodi wimbo huu mwanzoni mwa miaka ya sitini akiwa na kundi lake la Jambo Boys. Baadaye akaurekodi tena katika studio ya Equator Sound iliyosimamiwa na Charles Worrod. Msomaji wa Nanyuki asijipatie sifa zisizo zake: Ikweta yapita kwetu, lakini studio iliyobeba jina lake ilikuwa Nairobi. Humo ndimo waliporekodi pia wanamuziki kama Daudi Kabaka na Gabriel Omolo.

Hata hivyo, kuwa wa kwanza kurekodi si sawa na kuwa wa kwanza kutunga. Wapo wanaomtetea Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Hao husema kwamba aliutunga wimbo huu katikati ya miaka ya arubaini kwa ajili ya mpenzi ambaye wazazi walikataa waoane. Jina la Lucas Tututu wa Mombasa nalo hutajwa katika mjadala huu. Pamoja na madai hayo yote, kwenye sahani za santuri na katika malipo ya mirabaha jina lililotambuliwa ni la Fadhili.

Usiharakishe kuamua nani mkweli. Jiulize kwanza: yawezekanaje wimbo mmoja ukawa na watunzi watatu? Wewe uliyesoma fasihi simulizi unalo jibu. Kabla ya studio, wimbo ulisafiri kwa mdomo. Ulibebwa na mabaharia, wanajeshi, wafanyakazi wa reli na wapiga gitaa wa kumbi za dansi, kila mmoja akiongeza ubeti au kupunguza neno. Fanani hakuulizwa wimbo ni wa nani. Aliulizwa kama anaweza kuuimba vizuri. Ndipo ikaja sahani ya santuri, nayo ilikuwa na nafasi ya kuandikwa jina la mtunzi. Nafasi hiyo ndiyo iliyozua mzozo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika miaka hiyo kisu kilikuwa studio.

Zingatia hapa tofauti kati ya mitazamo miwili. Katika fasihi simulizi tunafundisha kwamba kazi ni mali ya jamii. Katika sheria, kazi ni mali ya mtu. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Fadhili alifariki mwaka 2001. Kwa hesabu hiyo, kama mtunzi ni yeye, haki hizo zinadumu hadi mwisho wa mwaka 2051. Mzozo wa utunzi, basi, si porojo za vijiweni. Ni swali la nani alipwe kila wimbo unaporudiwa.

Safari ya wimbo

Na umerudiwa mara nyingi. Tutaje matoleo machache yanayoonyesha jinsi muktadha unavyoweza kubadilisha maana hata pale maneno yanapobaki karibu yale yale.

Miriam Makeba wa Afrika Kusini ndiye aliyeupeleka mbali zaidi. Mwaka 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi ilimfutia pasipoti, naye akashindwa kurudi kwao kumzika mamake. Mwaka 1962 alizuru Kenya, na mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte wakautia "Malaika" katika albamu yao ya pamoja, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wasikilizaji wengi wa Marekani hawakujua neno lolote la Kiswahili. Walichosikia ni sauti ya mwanamke aliyefungiwa mlango wa kwao. Kilio cha kijana asiyeweza kuoa kikawa, masikioni mwao, kilio cha mtu asiyeweza kurudi nyumbani.

Mwaka 1967 wimbo ulifika Uswidi, ambako ulitolewa na kundi la vijana lililoitwa Hep Stars. Mpiga kinanda wa kundi hilo, Benny Andersson, alikuja kupata umaarufu duniani akiwa na ABBA. Mwaka 1981 zamu ikawa ya Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani likiwa na waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi. Hawa waliimba kwa ajili ya kumbi za starehe. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake Logozo. Kidjo alikua akimtazama Makeba kama kielelezo. Kwa hiyo toleo lake linamrudia Makeba kama linavyomrudia Fadhili: mwanafunzi anaimba wimbo wa mwalimu wake.

Tazama basi: wimbo wa gitaa wa Nairobi umekuwa wimbo wa uhamishoni, ukawa wimbo wa vijana wa Ulaya, ukawa wa dansi, ukawa wa heshima kwa mtangulizi, kisha ukarudi kwetu kuwa wimbo wa kukaribisha wageni hotelini. Ukiulizwa katika mtihani ueleze jinsi muktadha wa uwasilishaji unavyoathiri utanzu wa fasihi simulizi, unao hapa mfano wenye majina na miaka.

Nani anayesema?

Sasa turudi kwenye maneno yenyewe. Katika wimbo huu nafsineni anamwita mpenziwe malaika, kisha anamfananisha na ndege mdogo. Anasema kwamba yeye angemwoa, lakini hana mali. Kisha anakiri kwamba fedha zinamsumbua rohoni. Hayo ndiyo maudhui yote. Hakuna kisa kirefu.

Kitazame kitenzi. Kiswahili kinatofautisha kuoa na kuolewa: kwa kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wimbo unatumia kitenzi cha kuoa, kwa hiyo nafsineni ni mwanamume. Lakini Makeba ni mwanamke, na Kidjo ni mwanamke, nao hawakukigeuza kitenzi hicho kuwa katika kauli ya kutendwa. Kule Marekani jambo hili halikumsumbua yeyote, kwa kuwa lugha nyingi za huko zina neno moja kwa wote wawili. Mswahili, hata hivyo, analisikia mara moja.

Je, Makeba alikosea? La. Mwimbaji si lazima awe nafsineni. Fanani ni mtu mwenye jina, umbo na historia. Nafsineni ni sauti iliyomo ndani ya matini. Makeba na Belafonte walipoimba pamoja, mafanani walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, lakini nafsineni alibaki mmoja. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mtunzi alikuwa maskini, ndiyo maana hakuoa" amewachanganya mtunzi, mwimbaji na nafsineni katika chungu kimoja. Mkumbushe kwamba kwa "Malaika" hatuna hata uhakika wa mtunzi, sembuse mfuko wake.

Kiambishi -nge-

Jambo la pili ni la kisarufi, nalo ndilo moyo wa wimbo. Nafsineni anatumia -nge-, hatumii -ngali- wala -ngeli-. Wasemaji wengi siku hizi huvichanganya viambishi hivi, lakini sarufi tunayoifundisha inasema kwamba -nge- huonyesha sharti ambalo halijatimia lakini bado laweza kutimia, ilhali -ngali- huonyesha sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita.

Linganisha hilo na kisa kinachosimuliwa kuhusu Adam Salim. Katika kisa hicho mapenzi yamekwisha kukatazwa, mlango umefungwa. Mtu aliyefungiwa mlango tungetarajia atumie -ngali-. Nafsineni wa wimbo hasemi hivyo. Kwake mlango ungali wazi na msichana hajaenda popote; kinachokosekana ni mali tu. Sisemi kwamba hili linathibitisha au kukanusha dai la mtu yeyote, kwani mtunzi ana uhuru wa kubuni. Nasema kwamba matini ina habari yake, na habari hiyo si lazima ilingane na masimulizi ya maisha ya mtunzi. Anza na matini. Maisha ya mtunzi yafuate nyuma.

Na tumaini hilo dogo la -nge- ndilo linaloufanya wimbo uweze kuimbwa na kila mtu. Makeba aliufaa wimbo huu kwa sababu yeye pia alikuwa akisubiri. Kwa kweli alirudi nyumbani mwaka 1990, baada ya miaka 30.

Mali ni nini?

Neno la tatu la kuzingatia ni mali. Watalii wa hotelini hawalijui, na hapo ndipo wanapopoteza nusu ya wimbo. Lakini je, sisi wenyewe tunalisikia?

Mwanafunzi wa Nanyuki ana bahati, maana hahitaji kamusi. Jumamosi nyingi huona magari yaliyojaa wazee na akina mama wakienda kwenye ruracio, wakabadilishane maneno kuhusu mbuzi ambao wengi wao watalipwa kwa noti au kwa simu. Mwenzake wa Kimasai, wa Kisamburu au wa Kiturkana anayekaa naye dawati moja atakuambia habari za ng'ombe na ngamia. Waulize wote: kijana asiye na kitu afanye nini? Majibu yao ndiyo uhakiki wa "Malaika".

Hata bunge limelizungumzia jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale ambapo mahari inahitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi cha ishara tu chatosha. Zaidi ya nusu karne baada ya Fadhili kuingia studio, taifa lilikuwa bado linajadili kilio kile kile. Kwa hiyo, ukiainisha "Malaika" kuwa wimbo wa mapenzi ukaishia hapo, umejibu nusu ya swali. Ni wimbo wa mapenzi kwa umbo, na ni malalamiko ya kijamii kwa maudhui. Nafsineni hamlaumu msichana, wala hawataji wazazi wake. Analaumu fedha. Lawama hiyo imeimbwa kwa sauti tamu kiasi kwamba wengi huipokea kama wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Hapa ndipo pana kinaya cha historia yote hii. Wimbo wa mtu asiye na mali umezalisha mali nyingi, Marekani, Uswidi na Ujerumani, huku nyumbani watu wakizozana ni nani aliyestahili kuipata. Wanafunzi wako wanaotunga nyimbo leo na kuzirekodi kwa simu waambie waandike majina yao na tarehe, na wazisajili kazi zao. Fasihi simulizi ni mali ya jamii, lakini jamii haimlipii mtunzi karo.

Hitimisho

Matoleo yote tuliyoyataja ni ya halali kisanaa. Hakuna toleo lililoharibu wimbo, kwa sababu kubadilika ndiyo sifa ya utanzu huu. Lakini kadiri wimbo ulivyokwenda mbali ndivyo neno malaika lilivyozidi kusikika na neno mali likazidi kufifia. Kazi ya mwalimu wa Kiswahili, na ya mtahiniwa wake, ni kulirudisha neno la pili mahali pake. Wengine wakiuimba bila kuuelewa si kosa lao. Sisi tukiuimba vivyo hivyo, tutajitetea vipi?

Maswali ya kujadili darasani

1. Tofautisha mtunzi, fanani na nafsineni kwa kurejelea historia ya wimbo wa "Malaika".
2. "Muktadha wa uwasilishaji hubadilisha maana ya wimbo." Thibitisha kwa kutumia matoleo matatu.
3. Eleza jinsi uteuzi wa kiambishi -nge- unavyoathiri toni ya wimbo huu. Maana ingebadilikaje kama nafsineni angetumia -ngali-?
4. Kusanya wimbo mmoja wa harusi kutoka kwa jamii yako unaogusia mahari. Ulinganishe na "Malaika" kimaudhui.