Hakimu wa Kodi na Msitu wa Oldeani

Jina la Russell Train halitajwi Mang'ola, wala sioni sababu ya kutaraji litajwe, kwa kuwa alikuwa Mmarekani, mwana wa nyumba ya heshima, hakimu wa kesi za kodi, mfuasi wa Chama cha Republican tangu ujana wake, na mtu ambaye aghalabu ya amali zake zilitendeka katika ofisi za Washington. Hata hivyo, mwenye kutaka kueleza kwa nini bonde hili la Ziwa Eyasi lina maji ya kunyweshea vitunguu, na kwa nini Mhadzabe aishiye pembezoni mwake huenda mawindoni huku akimhadhari askari wa wanyamapori, hana budi siku moja kufika katika habari zake.

Mang'ola iko chini ya Mlima Oldeani, mahali ambapo nyanda za juu za Ngorongoro, zenye vilele vipitavyo mita 3,000, huporomoka hadi katika bonde la joto lenye kimo cha mita 1,000 hivi. Mvua ya bonde ni haba, na ziwa lenyewe ni la magadi, ambalo katika kiangazi kikali hukauka likabaki uwanja mweupe. Uhai wa mahali hapa hutoka juu: msitu wa Ngorongoro na Oldeani hunasa mvua na ukungu, maji yakazama ardhini, yakapita chini kwa chini kusikoonekana, kisha yakatokeza katika chemchemi za Qangded, safi na ya kudumu. Kwa ajili ya maji hayo wamekutana hapo watu ambao lugha zao hazina nasaba moja: Wahadzabe, waliotangulia wote, Wadatoga, wafugaji na wafua vyuma, Wairaqw, waliotelemka kutoka Mbulu na Karatu, na wahamiaji wa makabila mengi waliokuja kulima na kuchuuza, hata Kiswahili kikawa lugha ya wote.  

Russell Errol Train alizaliwa tarehe 4 Juni 1920, akalelewa Washington katika nyumba ya baba aliyekuwa afisa mkuu wa jeshi la majini na msaidizi wa kijeshi wa Rais Herbert Hoover. Alisoma Princeton, akatumikia jeshi la nchi kavu wakati wa Vita vya Pili, akasoma sheria Columbia, kisha akaingia katika kazi ambayo watu wengi huiona kavu kuliko zote, yaani sheria za kodi, akiwatumikia wajumbe wa Bunge na Wizara ya Fedha hadi Rais Eisenhower alipomteua kuwa hakimu wa Mahakama ya Kodi mwaka 1957. Uhafidhina wake ulikuwa wa namna ambayo siku hizi ni adimu hata kwao: kupenda taratibu na kuchukia ubadhirifu, na kuamini kwamba mrithi wa mali hana haki ya kuila yote asibakize kitu kwa wajao baada yake. Ukiyapima maisha yake yote, utaona kwamba hakimu huyu aliitazama misitu na wanyama kwa jicho lile lile alilotazamia hesabu za amana, ambamo mtunzaji huruhusiwa kula faida na huadhibiwa akigusa rasilimali.

Afrika ya Mashariki ilimteka kwa njia iliyowateka matajiri wengi wa taifa lake, yaani kwa bunduki. Alikuja kuwinda pamoja na mkewe, Aileen, mwaka 1956, akarudi tena mwaka 1958, wakati Theodore Roosevelt alikuwa ameshaifanya safari ya uwindaji kuwa ada ya wakubwa wa Marekani tangu alipotua Mombasa mwaka 1909. Waliporejea kwao, wawindaji hawa walikuwa na desturi ya kukutana na kusimuliana. Na katika mazungumzo hayo iliingia hofu, kwamba wakoloni wangeondoka karibuni, na wanyama wangebaki bila walinzi. Mwaka 1961 Train na wenzake wanne wakaanzisha taasisi ya uongozi wa wanyamapori wa Afrika, African Wildlife Leadership Foundation. Wenzake walikuwa watu wa aina yake: Kermit Roosevelt, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt, ambaye pia alikuwa jasusi aliyeongoza njama ya kuipindua serikali ya Iran mwaka 1953, Nick Arundel, James Bugg, na Maurice Stans, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Biashara wa Nixon, akakusanya fedha za uchaguzi wa mwaka 1972, na mwaka 1975 akaungama makosa katika shauri lililotokana na fedha hizo. Ni nadra kuona sadaka njema ikitolewa na mikono yenye historia za mchanganyiko namna hii.

Hofu yao ilikuwa na dharau ndani yake, na si insafu kulifunika jambo hilo. Walidhani kwamba Mwafrika aliyekaa na tembo kwa dahari nyingi hangeweza kuwatunza akiachiwa nchi yake, ilhali meno ya tembo waliomalizwa pwani na bara katika karne ya kumi na tisa yalikwenda kuwa vinanda na mipira ya biliadi katika miji ya wenye hofu hiyo. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa bora kuliko maradhi yaliyowasukuma kuitafuta. Hawakutaka kuleta walinzi wengine wa kizungu. Walitaka Waafrika wasomeshwe ili wayashike madaraka wenyewe. Septemba mwaka huo huo wa 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama na mapori yao ni dhamana iliyo mikononi mwa Tanganyika, na akaomba nchi nyingine zisaidie kwa wataalamu na fedha. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 katika mteremko wa Kilimanjaro, kilikuwa jibu mojawapo la ombi hilo. Aliyekifikiri na kukipigania alikuwa Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na taasisi ya Train ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake wa mwanzo. Kwa msaada wa taasisi hiyo hiyo kijana wa Kikenya, Perez Olindo, alisoma Marekani, akarudi kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za taifa za Kenya. Ngorongoro nayo haikungoja sana: kabla ya muongo huo kwisha, hifadhi ilikuwa chini ya Solomon ole Saibull, Mtanzania, ambaye baadaye alikuwa waziri.

Mwaka 1965 Train aliacha joho la uhakimu, akaichukua kazi ya hifadhi kuwa kazi ya maisha. Mwaka huo, katika mkutano ulioitishwa na Ikulu ya Marekani, kamati moja ilileta rai kwamba mahali penye uzuri na historia isiyo na kifani pawekwe chini ya amana ya walimwengu wote. Na Train akawa mmoja wa waliolibeba wazo hilo kutoka mkutano hadi mkutano, akilitetea kwa subira ya mwanasheria, mpaka Nixon, aliyemfanya mwenyekiti wa baraza lake la mazingira mwaka 1970, akalitia katika ujumbe wake kwa Bunge mwezi Februari 1971. Mkataba wa Urithi wa Dunia ukapitishwa na UNESCO mjini Paris mwaka 1972. Tanzania iliuridhia mwaka 1977, na mwaka 1979 Ngorongoro ikaandikwa katika orodha. Mwezi Machi 1973 Train aliuongoza ujumbe wa Marekani katika mkutano wa Washington uliozaa mkataba wa biashara ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Na miaka kumi na sita baadaye, tembo walipokuwa wakiteketezwa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotumia mkataba huo kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku, ikapigwa. Waliohofiwa kuwa hawataweza walikuja kusimama mbele ya walimwengu kuwa wadai.

Si haki kumpa Train sifa ya msitu wa Oldeani peke yake. Msitu ulikuwa umetengwa tangu enzi za wakoloni, na Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, kabla hajawa na sauti. Lakini serikali inayoshawishika kugawa msitu kwa wakulima husita zaidi ikijua kwamba pana orodha, pana kamati, na pana macho ya nje. Na kusita huko ndiko kunakonywewa Mang'ola.

Twende basi mashambani. Kitunguu chekundu cha Mang'ola kinajulikana Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, na asili yake ni majaruba madogo yaliyopangwa kando ya mifereji, ambayo kila moja lina zamu yake ya maji, na zamu ikikupita huna wa kumlaumu ila usingizi wako. Mkulima mwenye shamba juu ya mfereji hunywesha kwanza. Wa chini hungoja, na aghalabu hugombana. Vitunguu vikikomaa hung'olewa, hukatwa majani, hujazwa katika magunia ya lumbesa, yaliyofumwa kamba mdomoni hata yakapata nundu, ili mnunuzi apate zaidi ya gunia kwa bei ya gunia. Serikali imeipiga vita lumbesa mara nyingi, na lumbesa haikufa. Dalali husimama kati, akijua bei ya Nairobi kabla ya mwenye shamba. Katika mnyororo huo wote, kuanzia chemchemi hadi lori, hakuna anayefikiri juu ya ukungu ulionaswa na miti iliyo juu ya vichwa vyao, isipokuwa mwaka ambao maji yamepungua.

Na wale waliotangulia? Wahadzabe hawazidi sana elfu moja. Hula asali, ubuyu, mizizi na nyama, na hadi leo wako wanaume ambao mali yao yote ni upinde, mishale na tumbako. Ncha za chuma za mishale huzipata kwa Wadatoga, ambao huketi mbele ya mvukuto wakichoma na kufua misumari na mabaki ya chuma, na Mhadzabe hulipa kwa asali au nyama. Ncha ya wanyama wakubwa hupakwa sumu ya mti, ikaviringishwa ngozi isimdhuru mchukuzi. Huu ndio uwindaji ambao haukumaliza mnyama yeyote kwa karne zote zinazojulikana. Lakini sheria za wanyamapori, zilizoandikwa na wakoloni na kurithiwa na dola huru, zilimtambua hasa mwindaji mwenye leseni. Hakimu Train aliyewinda mwaka 1956 alikuwa mwindaji kwa mujibu wa sheria hizo. Mhadzabe aliyemrushia mshale swala siku hiyo hiyo aliweza kuitwa jangili, na alipoachwa bila kukamatwa aliachwa kwa huruma ya wakubwa, bila haki ya kuishika mkononi. Serikali ilijaribu kuwakalisha Yaeda Chini, upande wa Mbulu, katika miaka ya 1960, wawe wakulima. Wengi wakala posho, kisha wakarudi porini. Mikataba ya kimataifa ya miaka ya 1970 ilipotungwa, iliwazungumzia viumbe na mandhari kwa ufasaha mkubwa, ikawasahau watu wa namna hii. Dosari hiyo siwezi kuitenga na jina la mtu aliyeitetea mikataba hiyo, ijapokuwa nayaheshimu mengi katika kazi yake.

Mwisho wa maisha ya Train ulikuwa na uchungu wa namna nyingine. Aliiongoza Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya Marekani kuanzia Septemba 1973 hadi Januari 1977, akiwatumikia Nixon na Ford, kisha akawa rais wa tawi la Marekani la WWF. Na mwaka 1988 alikuwa bado mwaminifu kwa chama kiasi cha kuwaongoza wahifadhi waliomuunga mkono George Bush. Lakini chama kilikuwa kikihama chini ya miguu yake. Wahafidhina wa kizazi kipya waliiona idara aliyoijenga kuwa adui wa biashara, na mwaka 2004 mzee huyu wa miaka themanini na minne alitangaza hadharani kwamba angempigia kura mgombea wa chama pinzani. Alifariki Septemba 2012.

Nao Wahadzabe, waliosahauliwa na mikataba ile, walijitetea wenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu katika ardhi ya Wahadzabe wa Yaeda. Wakapinga, baadhi yao wakawekwa korokoroni, habari zikaenea ng'ambo, na kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011, kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati za kimila za zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hizo hazikutoka katika mkataba wowote wa Washington wala wa Paris. Zilitoka katika sheria ya nchi, na zilidaiwa na wenyewe. Wahadzabe wa upande wa Mang'ola walikuta majaruba yamekwisha kuchimbwa kuzunguka chemchemi, na mbuyu mmoja mmoja umebaki katikati ya mashamba ya watu.