Ulilipa deni la kesi? Hakikisha mahakama imeandika kabla hujanunua nyumba

Wengi wakishalipa deni lililowafikisha mahakamani huona mambo yameisha. Umempa mwenye duka hela yake, mmepeana mikono, kila mtu kashika njia yake. Kwenye jalada bado wewe ni mdaiwa, na hilo linaweza kuibuka siku unaponunua nyumba au kiwanja Bariadi.

Hukumu haifutwi kama meseji. Kinachofanyika ni mahakama kuandika kwenye jalada kwamba deni limelipwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamtaka mshindi wa kesi, yaani mkaza hukumu, aitaarifu mahakama akilipwa nje. Asipofanya hivyo, mdaiwa anaweza kupeleka maombi, mshindi akaitwa aeleze kwa nini malipo hayo yasiandikwe. Malipo ambayo hayajaandikwa hayatambuliwi na mahakama inayokaza hukumu. Hapo ndipo watu wanapoumia: SMS ya M-Pesa unayo, lakini dalali wa mahakama yuko mlangoni.

Na muda ni mrefu. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 ya kuomba kukaza hukumu, kwa hiyo hukumu ya 2018 ina meno hadi 2030. Nyumba unayoishi na familia yako inalindwa isikamatwe kwa deni la kawaida. Kiwanja kitupu au nyumba ya kupangisha havina kinga hiyo.

Anza na jalada. Nenda masijala ya mahakama iliyotoa hukumu ukiwa na namba ya kesi, mwaka na majina, uombe nakala. Kwa Simiyu kuna usumbufu kidogo, maana mkoa ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na rufaa za huku kwa miaka mingi zimesikilizwa Mahakama Kuu Shinyanga. Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, hivyo mtu wa Lamadi au Nyashimo mwenye kesi ya zamani aanze kuulizia Magu.

Njia nyepesi ni kwenda pamoja na uliyemlipa, akathibitishe mbele ya hakimu. Kama amefariki, anayesimama badala yake ni msimamizi wa mirathi, siyo mtoto yeyote utakayemkuta nyumbani. Kama deni bado lipo, mshindi akiridhia mahakama inaweza kuruhusu ulipe kwa awamu. Omba nakala ya amri iliyogongwa muhuri, uitunze.

Hukumu iliyotolewa bila wewe kuwepo ina njia nyingine: kuomba itenguliwe ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaomba kwanza kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu ya maana. “Sikujua” peke yake haitoshi. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake, kwa hiyo muulize karani kabla ya kuandika chochote.

Ukitaka mkopo wa nyumba, kuna rekodi ya pili. Benki huangalia taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo. Amri ya mahakama haibadilishi taarifa hizo yenyewe. Una haki ya kuomba ripoti yako na kupinga kilichokosewa, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi. Inasaidia pia kama hukumu yako ipo TanzLII, kwani kulipa hakuiondoi mtandaoni.

Muuzaji naye anaweza kuwa na hukumu. Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi ofisi ya ardhi uone kama kina zuio au rehani. Kwa ardhi ya kijiji, ulizia kwa serikali ya kijiji na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.